Kualika Watu kwenye Ibada za Mwisho wa Juma Kuhusu Kanisa la Mwanzo: Mwongozo Kamili kwa Makanisa ya Kiswahili Uganda

Kati ya mwaka 170 na 180, mwanafalsafa Mgiriki aliyeitwa Celsus aliandika kitabu cha kuwakejeli Wakristo. Kitabu chenyewe kilipotea, lakini maneno yake mengi tunayo kwa sababu Origen wa Iskanderia aliyanukuu alipomjibu, karibu mwaka 248. Mojawapo ya malalamiko ya Celsus lilikuwa kwamba dini hii ilienezwa majumbani na wafuma sufu, washona viatu na wafua nguo, watu wasio na elimu, ambao mbele ya bwana wa nyumba hunyamaza kimya, ila wakiwapata watoto na wanawake faraghani huwaambia waje nao kwenye karakana ya fundi viatu au ya dobi wakajifunze yaliyo mema. Aliyasema kwa dharau. Mimi niliyepewa kwa miaka kadhaa kazi ya kualika watu katika kanisa letu dogo la Walukuba, hapa Jinja, huyasoma kama maelekezo ya kazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kanisa linalotumia Kiswahili nchini Uganda, liwe Busia, Malaba, Kasese, Arua, mtaani Kampala au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambalo lingependa kuandaa mfululizo wa ibada za Jumamosi na Jumapili za kuchunguza jinsi Wakristo wa karne za mwanzo walivyoishi, walivyosali na walivyokufa. Nimeuandika kwa hatua, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufuata, ingawa hatua ya nne ndiyo inayobeba uzito kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: Mjue mnamwalika mtu aje kuona nini

Hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake Jumamosi jioni kwenda kusikiliza "historia ya kanisa". Hutoka kwenda kusikia habari ya mtu fulani, mahali fulani. Kwa hiyo kabla ya kuchapa karatasi yoyote, gaweni mfululizo wenu katika majuma manne, na kila juma lipewe jambo moja ambalo mwalikaji anaweza kulieleza kwa pumzi moja akiwa amesimama mlangoni pa mtu.

Juma la kwanza linaweza kuwa juma la nyumba. Kanisa la mwanzo halikuwa na majengo yake. Lilikutana nyumbani kwa Lidia mwuza zambarau huko Filipi, nyumbani kwa Prisila na Akila waliokuwa mafundi wa mahema, nyumbani kwa Filemoni. Huko Dura-Europos, nchini Siria, waakiolojia walifukua nyumba ambayo Wakristo waliigeuza kuwa kanisa karibu mwaka 240: ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili kupata ukumbi mmoja, na chumba kingine kikajengewa birika la ubatizo na kuchorwa picha ukutani. Waumini wetu waliowahi kuvunja ukuta wa chumba cha kupanga ili wapate pa kusalia hawahitaji kuelezwa zaidi.

Juma la pili ni la ibada yenyewe. Justin, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani yake, aliandika karibu mwaka 155 maelezo ya mkutano wa Jumapili kwa watu wasio Wakristo: kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii yalisomwa kwa kadiri muda ulivyoruhusu, kiongozi akatoa mawaidha, wote wakasimama kusali, mkate na divai iliyochanganywa na maji vikaletwa, watu wakaitikia Amina, mashemasi wakawapelekea sehemu wale waliokosa kufika, na michango ikawekwa kwa kiongozi ili kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Someni maelezo hayo polepole, kisha fanyeni kila jambo kwa mpangilio huohuo. Sijapata kuona njia bora ya kufundisha ibada.

Juma la tatu ni la wafiadini. Tarehe 7 Machi 203, huko Kathago katika Tunisia ya leo, waliuawa Perpetua, mama kijana mwenye umri wa miaka ipatayo 22 aliyekuwa bado ananyonyesha, na Felisita, mtumwa aliyejifungua akiwa gerezani. Walipokamatwa walikuwa bado wanafunzi wa dini, hawajabatizwa. Mganda yeyote akisikia hayo hukumbuka Namugongo bila kukumbushwa, kwa maana baadhi ya vijana waliochomwa moto pale tarehe 3 Juni 1886, Kizito akiwemo, walibatizwa na Karoli Lwanga dakika za mwisho, walipojua kwamba hukumu inakuja. Papa Paulo VI alipowatangaza wafiadini Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pamoja na wafiadini wa kale wa Kathago na Misri. Msisahau kwamba Waanglikana na Wakatoliki waliteketea pamoja. Jambo hilo peke yake huwafungulia mlango majirani wa madhehebu yote.

Juma la nne kwetu Jinja ni juma la mto, na ndilo linalojaza kanisa. Maji yanayotoka ziwani hapa yanapita Sudan Kusini, yanakutana na Nile ya Buluu Khartoum, yanapita Meroe, nchi ya yule towashi wa Kandake ambaye Filipo alimbatiza njiani, kama tunavyosoma katika Matendo sura ya 8, kisha yanapita Dongola na Faras, ambako Wanubi walikuwa na falme za Kikristo tangu karne ya 6, hadi Misri ya Antoni na Pakomi, mababa wa watawa, na kwenye bahari ya Iskanderia, mji wa Athanasio, ambaye katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo. Kanisa kuu la Faras lilifukuliwa na waakiolojia wa Poland kati ya mwaka 1961 na 1964, kabla ya maji ya bwawa la Aswan kulifunika, na michoro yake ya ukutani iligawanywa kati ya makumbusho ya Khartoum na Warszawa. Mtu aliyezaliwa Walukuba akiambiwa kwamba Ukristo ulikuwa ukiimbwa kando ya mto wake zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wamisionari wa kwanza kufika kwa Kabaka Muteesa mwaka 1877, hukaa kimya kidogo. Tahadhari moja: ukisema "Wanubi" hapa Uganda, watu watafikiria Wanubi wa Bombo, ambao ni Waislamu na wana historia yao nyingine. Elezeni tofauti hiyo mapema, tena kwa heshima.

Hatua ya pili: Siku na saa

Bango letu la kwanza liliandikwa "Jumamosi, saa 10:00". Niliandika mwenyewe, kwa hiyo lawama ni yangu. Waliosoma Kiswahili walifika saa kumi jioni, kama nilivyokusudia. Waliozoea saa za Kiingereza walifika saa nne asubuhi, wakakuta kufuli mlangoni, na wengi wao hawakurudi. Tangu siku hiyo saa huandikwa kwa maneno na kwa namna ya simu pia: "saa kumi kamili jioni, yaani 16:00 kwenye simu yako". Inaonekana ni jambo dogo, lakini halijawahi kutuangusha tena.

Siku nazo zina mtego wake. Matendo 20:7 inasema Wakristo walikutana siku ya kwanza ya juma, nayo ni Jumapili. Lakini kwa Kiswahili Jumamosi ndiyo siku ya kwanza kwa jina lake na Jumapili ni ya pili, kwa sababu hesabu yetu inaanza baada ya Ijumaa, na kwa Luganda Jumanne huitwa Lwakubiri, siku ya pili, kwa sababu hesabu yao inaanza Jumatatu. Mgeni makini ataliuliza hilo, na ndugu Waadventista watauliza la Sabato. Mjibu kwa ukweli: Justin anashuhudia mkutano wa Jumapili katikati ya karne ya 2, na baadaye yako makanisa ya Mashariki yaliyoheshimu siku zote mbili, jambo ambalo Waethiopia wamelihifadhi. Mwalikaji asibishane mlangoni. Aseme tu kwamba swali hilo litajibiwa Jumamosi.

Kumbukeni pia kwamba kwa karibu miaka 300 Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, hadi Konstantino alipotoa sheria ya mapumziko mwaka 321. Karibu mwaka 112 gavana Plinio alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo wa Bithinia walikutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo. Walikuwa na kazi ya kwenda. Basi ibada ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kwa ajili ya walinzi wanaotoka zamu, madereva wa boda na wachuuzi wa soko, ni desturi ya kale kuliko ibada yetu ya saa nne. Wavuvi wa Masese wanaorudi asubuhi na mukene, yaani dagaa, hawawezi kufika hiyo, kwa hiyo wao ndio wa Jumamosi jioni.

Mkipanga tarehe, epukeni majuma ya karibu na tarehe 3 Juni, kwa kuwa wengi watakuwa wakitembea kwenda Namugongo. Angalieni mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, hasa kama paa lenu ni la mabati tupu. Na muulize ni kwanjula (sherehe za kutambulishana kwa wakwe) na arusi zipi zimeshapangwa mtaani. Mechi za ligi ya Uingereza za Jumamosi jioni hamtazishinda. Anzeni kabla yake au mwachie vijana waje Jumapili.

Hatua ya tatu: Orodha ya majina, si orodha ya mitaa

Watu wengi huanza kwa kugawana mitaa, wakapita nyumba kwa nyumba kama wahesabu watu wa sensa. Mimi napendekeza kinyume chake. Kila mwalikaji aandike majina matano tu ya watu anaokutana nao kila juma kwa sababu nyingine yoyote: anayemshonea nguo, anayemsuka, anayempeleka kwa boda, anayemuuzia mkaa, anayechota naye maji. Karakana ya Celsus ipo hapa. Imebadilika jina tu ikawa saluni, kioski cha chapati na stegi ya boda. Waalikaji kumi wenye majina matano kila mmoja wanafanya watu hamsini ambao tayari wanajua sura ya anayewaalika.

Msiandike majina ya waumini hai wa kanisa la jirani kwa nia ya kuwahamisha. Wakija kwa hiari yao kujifunza, wakaribishwe na warudi kwao. Kanisa la karne za mwanzo ni urithi wa wote, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi, walokole, na ukilitumia jina lake ili kusema "sisi peke yetu ndio kanisa la kwanza", umeshaharibu mfululizo wote. Kwa Waorthodoksi hasa, kama mko karibu na Kampala, nendeni mkaongee na mapadri wa Namungoona: kanisa lao, lililoanzishwa na Reuben Spartas Mukasa mwaka 1929, liko chini ya Patriarki wa Iskanderia, na wataweza kuwaeleza mengi ya juma la nne ambayo ninyi hamna.

Jirani Mwislamu anaweza kualikwa kama jirani yeyote, mradi aambiwe waziwazi kwamba hii ni ibada ya Kikristo. Asifichwe hilo, na asilazimishwe kukataa mara mbili.

Hatua ya nne: Maneno yenyewe

Kiswahili kina historia yake Uganda. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wazee wengi wa Buganda na Busoga bado wanakikumbuka kama lugha ya mwanajeshi aliyesimamisha gari njiani. Ukipiga hodi kwa mzee wa namna hiyo na kuanza kwa sauti ya juu, "Wewe, njoo kanisani!", umekuwa askari. Anza kwa salamu ya kwao: kodheyo kwa Msoga, mulembe kwa Mgisu, ssebo na nnyabo kwa Mganda, baada ya hapo Kiswahili chako kitapokelewa. Kwa afande wa kambini ni kinyume, yeye atafurahi ukianza kwa Kiswahili. Na kama mtu atasema Kiswahili si lugha ya Mungu, mwambie kwa upole kwamba wasomaji wa kwanza wa Buganda, walioitwa abasomi, walijifunza Maandiko kwa Kiswahili kabla ya kupata Biblia ya Luganda. Alexander Mackay alifundisha hivyo baada ya kufika mwaka 1878.

Mwaliko mzuri una mambo manne: salamu ya kweli, sababu inayomhusu huyo mtu mwenyewe, maelezo ya kitakachotokea, na nafasi ya kukataa. Jambo la pili ndilo linalosahaulika. Haya ni mazungumzo ya kawaida katika kibanda cha fundi cherehani, karibu na yalivyokwenda mara ya mwisho nilipoyafanya:

– Hodi, mama Brian. Poleni na kazi.
– Karibu, mwanangu, sukuma hizo nguo ukae.
– Sikai sana. Nimekuja kukukaribisha. Jumamosi jioni kanisani kwetu tutasoma habari za Lidia, mama aliyekuwa anauza vitambaa vya zambarau, na kanisa la mji wake likawa linakutania nyumbani kwake. Nikakukumbuka wewe na hii cherehani.
– Hm. Mtaniomba hela ngapi?
– Hakuna. Kikapu kitapita, ukikiacha kipite hakuna atakayekuangalia.
– Na mimi ni Mkatoliki, unajua.
– Najua, na Jumapili utakwenda misa yako kama kawaida. Sisi ni saa kumi jioni, tunamaliza saa kumi na moja na nusu, kabla ya giza, halafu chai.
– Nikimaliza gauni la bibi harusi.
– Ukimaliza. Usipomaliza, nitakusimulia Jumatatu.

Angalieni mambo mawili hapo. Swali la fedha lilikuja kabla ya swali la dini, na ndivyo huwa karibu kila mara, kwa sababu watu wamechoka kualikwa kwenye "mbegu" na bahasha. Jibu lake liwe tayari, tena liwe la kweli. Tertullian wa Kathago, karibu mwaka 197, aliandika kwamba Wakristo wa kwao hutoa kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka mtu na akiweza, bila kulazimishwa, na kwamba fedha hizo huwazika maskini na kuwatunza yatima, wazee na waliovunjikiwa jahazi baharini. Ukisema "ni kama mabugo, ile michango ya msibani", kila mtu ataelewa papo hapo. La pili ni lile "nitakusimulia Jumatatu". Asipokuja, bado una sababu ya kurudi kwake, na yeye hana sababu ya kukukwepa.

Ujumbe wa simu uwe mfupi na uwe na jina lako, kwa mfano: "Mzee wangu, habari za nyumbani? Ni mimi, jirani wa kisimani. Jumamosi hii, saa kumi kamili jioni (16:00), kanisani kwetu Walukuba tunasoma jinsi Wakristo wa kwanza walivyosali Jumapili. Dakika 90, kisha chai. Hakuna kiingilio. Ukija, nitakuwa mlangoni." Sentensi ya mwisho ni ahadi, kwa hiyo uwe mlangoni kweli.

Hatua ya tano: Karatasi, simu na ruhusa

Hapa sitakaa sana. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, mapema, mkamweleze tarehe, saa na idadi ya watu mnaowatarajia. Mkialika watu bila yeye kujua, yeye ndiye atakayeulizwa maswali. Spika ya nje haina kazi katika ibada ya watu themanini, na alfajiri ni kero kwa majirani waliolala. Karatasi za mwaliko ziwe ndogo, za kuingia mfukoni, zikiwa na ramani inayoanzia kwenye stegi au mahali panapojulikana. Kama mnaandika namba za simu za wageni, waambieni mnazitaka za nini na mpate ridhaa yao, kwa maana ndivyo inavyodai Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019, na msimwingize mtu katika kundi la WhatsApp la kanisa bila kumuuliza. Nimeshuhudia mgeni akipoteza hamu yote kwa jumbe mia moja na ishirini za usiku mmoja.

Hatua ya sita: Siku yenyewe

Aliyemwalika mgeni ndiye amkaribishe. Kamati ya mapokezi yenye fulana zinazofanana ni nzuri kwa kuonyesha vyoo na mahali pa kuketi watoto, lakini mama Brian alikuja kwa sababu yako, na akikukosa mlangoni anakuwa mgeni maradufu. Kaeni naye katikati, si mbele. Msimsimamishe ajitambulishe kwa kipaza sauti. Najua ni desturi yetu, na wengine huipenda, ila waulizeni kwanza.

Kuhusu meza ya Bwana, zungumzeni mapema. Katika kanisa la mwanzo wasiobatizwa walisikiliza masomo na mawaidha, kisha wakatoka kabla ya mkate na kikombe, na kulikuwa na maandalizi marefu, mahali pengine ya miaka mitatu, kabla ya ubatizo. Makanisa yetu yana taratibu tofauti. Lolote mnalofanya, mgeni aambiwe tangu siku ya mwaliko, asije akagundua akiwa katikati ya mstari kwamba hapaswi kuwa hapo.

Muda utunzwe. Huko Troa Paulo aliendeleza maneno yake hata usiku wa manane, na kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo alimwinua akiwa mzima. Wahubiri wetu wasilitegemee hilo. Dakika 90 mlizoahidi ziwe 90, nazo zigawanywe kwa masomo, maelezo, maswali na maombi. Maswali hasa yasikatwe, maana wageni wengi hawajawahi kuruhusiwa kuuliza kitu ndani ya kanisa.

Kisha chai. Waandalizi wetu huiita karamu ya upendo, kwa jina la chakula ambacho Wakristo wa kwanza walikula pamoja, na huwa ni chai ya maziwa, mandazi na karanga, basi. Lakini kuna kosa moja la kale sana linalorudiwa hapa. Huko Korintho wenye nafasi walikuwa wanatangulia kula, na wengine wakabaki na njaa, hata Paulo akawaandikia wangojane. Kwetu waliochelewa walikuwa ni wasichana wawili wa kiwandani waliotoka zamu na kufika wakati maombi ya mwisho yanasemwa. Walipofika mezani palikuwa na vikombe vitupu na makombo. Hakuna aliyewakosea kwa makusudi. Tangu hapo sahani ya watu wa zamu hutengwa na kufunikwa kabla mtu yeyote hajamiminiwa kikombe, na anayeilinda ni mama mmoja ambaye hata mchungaji hamshindi.

Hatua ya saba: Juma linalofuata

Kati ya Jumatatu na Jumatano, kila mwalikaji apite kwa watu wake watano, waliokuja na wasiokuja. Kwa waliokuja, swali ni moja: kitu gani hakikueleweka? Majibu yao ndiyo yatakayompa mfundishaji kazi ya Jumamosi ijayo. Kwa wasiokuja, simulia kama ulivyoahidi, kwa dakika tano, halafu zungumza mambo mengine. Ukikuta mgonjwa, sahau ratiba. Tauni ilipoivamia Iskanderia katikati ya karne ya 3, askofu Dionisio aliandika kwamba Wakristo wengi waliwatunza wagonjwa bila kujihadhari na baadhi wakafa pamoja nao; hakuandika neno lolote kuhusu walivyowaalika ibadani. Mpeleke mtu kliniki, mchotee maji, na kama juma la nne litapita bila yeye kusikia habari za Nubia, mfululizo utarudiwa mwakani.

Anayesema hapana, jina lake likatwe kwa mstari mmoja na asirudiwe kwa jambo hilo. Anayesema "labda", mwachie karatasi na usimuulize tena mpaka yeye aulize. Mwisho wa juma la nne, kusanyeni orodha zote, mbakishe namba za wale tu waliosema wangependa kuitwa tena, na zilizobaki mzichome jikoni siku hiyohiyo, chai inapochemka.